Pua ya Elspa wa Lonavík

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, watu wa Lonavík, na ninyi mliovuka maji kutoka Tórshavn kwa meli iliyocheleweshwa na ukungu, familia imenisimamisha mimi Billa, dada wa hayati Dánjal na wifi wa huyu tunayemzika leo, niwasomee maisha yake tangu mwanzo hadi mwisho, nami nimekubali kwa sababu kwa zaidi ya miaka hamsini Elspa alikuwa akinikatiza maneno, na leo ndiyo mara ya kwanza nitamaliza sentensi.

Marehemu Elspa, binti Tummas, alizaliwa tarehe 9 Februari 1963 hapa hapa Lonavík, kisiwani Suðuroy, katika nyumba yenye paa la nyasi iliyo chini ya kanisa hili, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa mzee Tummas, mvuvi na mfugaji wa kondoo, na mama Malan. Alizaliwa siku ya upepo wa kusini-magharibi, ule upepo wetu wa zamani wenye unyevu na chumvi, na mama yake alikuwa akituhadithia kwamba mtoto alipiga chafya kabla ya kulia, mkunga akacheka, akasema huyu ameanza na pua.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1970, kisha akaendelea mjini Tvøroyri hadi mwaka 1979, na masomo aliyapita bila kugombana nayo wala kuyapenda, kwa maana shule yake hasa ilikuwa banda la upepo la mama yake. Kila mwezi wa kumi, baada ya kuchinja kondoo, alisimama mlangoni akimtazama Malan akitundika mapaja na mbavu katikati ya zile kuta za mbao zilizoachiana nafasi ya kidole, bila chumvi, bila moshi, kazi yote ikiachiwa hewa ya bahari, hewa isiyo baridi ya kugandisha wala joto la kuozesha, hata ikifika Krismasi nyama imekuwa ræst, yaani si mbichi, si kavu, wala haijaoza, ingawa mgeni akiinusa ataapa kwamba imeoza tangu juzi. Mwalimu mmoja kutoka Denmaki, wiki yake ya kwanza hapa, alikwenda kumwambia mzee wa kijiji kwamba ndani ya lile banda kuna maiti, na mzee wa kijiji akamjibu kwamba ndiyo, ipo, na Krismasi utaialika mwenyewe mezani.

Malan alikuwa mwonjaji wa Lonavík, na alipofariki tarehe 3 Mei 1994 kazi hiyo ilimwangukia Elspa, naye aliibeba miaka arobaini na zaidi. Ninyi wa Tórshavn mnaonunua nyama iliyofungwa kwenye plastiki huenda mmesahau, kwa hiyo niseme: Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi mwonjaji huchoma paja kwa kijiti cha mfupa wa bawa la ndege wa bahari, hukipenyeza mpaka kwenye mfupa, hukichomoa, hunusa, kisha hukata kipande kidogo karibu na mfupa na kukila bila kupika. Akisema “Tayari,” neno linapita nyumba kwa nyumba, kwa sababu mabanda yetu yote yanapigwa na upepo mmoja, na lililoiva kwake limeiva kwa wote. Hakuna aliyewahi kuonja kabla yake, na watoto wa Lonavík, ambao usiku wa Krismasi nao hupewa kipande cha kwanza kibichi pamoja na mkate, wamekula kwa imani ya pua ya mtu mmoja.

Aliajiriwa katika kiwanda cha samaki mwaka 1980 na kustaafu mwaka 2027, akiwa miaka yote hiyo kwenye meza ya kukata minofu, na wenzake waliopo hapa wanakumbuka kwamba alikuwa akiinua chewa mmoja, akamnusa, akatangaza, “Huyu amelala melini siku tano, nahodha akisema tatu mwambieni aje aniambie mimi.” Nahodha hakuwahi kuja.

Tarehe 22 Juni 1985 alifunga ndoa na kaka yangu Dánjal, fundi wa mitambo melini, katika kanisa hili hili, na tukacheza ngoma ya duara hadi sakafu ya ukumbi ikalalamika. Jinsi alivyochumbiwa ni habari ya familia, lakini marehemu hawezi kunizuia tena. Dánjal alikwenda bandani kwake akiwa amevaa shati la Jumapili, Elspa akamkatia kipande cha nyama ambacho bado hakijaiva vizuri, akamwambia, “Ukitema, ndoa hakuna.” Dánjal alimeza, machozi yakamtoka, akaomba kingine. Waliishi kwa upendo na makelele hadi moyo wa Dánjal uliposimama tarehe 11 Septemba 2019.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Bárður, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1987, na Rannvá, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1990. Rannvá ni mwalimu Tórshavn na ana watoto wawili. Bárður anafanya kazi katika meli ya utafiti, ile inayoshusha vyombo vya kupima maji katika mfereji wa kina kirefu kusini mwa visiwa hivi, na kazi hiyo ndiyo iliyoleta jikoni kwa mama yake maneno ambayo siwezi kuyaruka.

Ilikuwa Januari 2035, Bárður amerudi kutoka safarini, uso umemshuka, nami nilikuwa pale nikimenya viazi.

“Una nini wewe?” Elspa akamuuliza. “Umefukuzwa kazi au umeachwa?”

“Bora ningeachwa, mama. Mkondo unachoka.”

“Mkondo gani?”

“Ule mkubwa. Maji ya vuguvugu yanayotoka kusini kabisa kwenye joto. Yanafika hapa kwetu, yanatuachia joto lake, yanapoa, yanakuwa mazito kwa chumvi na baridi, yanazama, halafu yanarudi kusini chini kwa chini. Sisi tunayapima yakirudi. Sasa barafu ya Grinilandi inayeyuka, maji yake hayana chumvi, yanatandaa juu ya bahari. Maji yakikosa chumvi hayawi mazito. Yasipozama, hayavuti mengine nyuma yake.”

“Na yakiacha kuja?”

“Dunia nzima inalia joto, na sisi tutaganda. Na si sisi tu. Mvua nazo zinafuata joto la bahari, zinaweza kuhama njia. Kuna watu Afrika, kuna watu Bara Hindi, wanapanda kwa kutegemea mvua za msimu. Huenda siku moja wakapanda na mvua isije.”

Elspa aliacha kukata mkate. “Yaani maji ya hapa yakilala, mtu ambaye hajawahi hata kusikia jina letu analala njaa?”

“Huenda. Lini, na kwa kiasi gani, wataalamu wanabishana bado.”

“Basi wakimaliza kubishana uje uniambie.”

“Mama, na banda lako je? Lile banda linaishi kwa maji hayo. Pua yako ilifundishwa na bahari nyingine.”

Jamani, hilo lilimchoma. Nilimwona. Alifuta kisu kwenye aproni, akasema polepole, “Wewe pima maji yako, mwanangu. Nyama niachie mimi.” Na tangu siku ile neno hilo likawa mzaha wao wenye mwiba ndani yake, Bárður akiingia tu nyumbani mama yake anamuuliza, “Maji yako hayajambo?” naye anajibu, “Hayajambo sana, mama.”

Sasa nafika kwenye msimu wa mwisho, vuli ya mwaka 2037, na wengi wenu mliishi humo pamoja nasi, lakini nimegundua kwamba hatujawahi kuuzungumzia kwa sauti. Ulianza kwa upepo wa kusini-magharibi kukatika. Madirisha yetu, ambayo siku zote yalikuwa na ukoko wa chumvi, yakabaki safi, na mwanzoni tulishangilia, mimi nikiwa wa kwanza, maana ni nani anayependa kuosha madirisha. Badala yake ukaja upepo mkavu wa kaskazini, mwembamba, usiopumzika, ukipita kwenye nyufa za mabanda na kutoa mluzi wa sauti moja, mchana kutwa, sauti ile ile, mpaka tukaacha kuusikia, na ulipokoma ghafla watu walitoka nje kuangalia nani amekufa.

Asubuhi ghuba ilikuwa ikifuka mvuke, mtu akipiga makasia pale unaona kifua na kichwa tu, havina mashua chini yake. Kati ya mawe ya ufukweni kulitokea ukingo wa barafu, ukingo ambao hata mama Malan, aliyekuwa na kumbukumbu ya kila kitu na kila deni, hakuwahi kuusimulia. Baridi iligandisha kwa wiki kadhaa, kisha zikaja siku chache za mvua na joto, kisha baridi tena. Na kijiji kikakosa harufu. Mnajua Lonavík ya mwezi wa kumi na moja ilivyo, unaisikia puani kabla hujaiona, lakini safari hii tulipita mbele ya mabanda yaliyojaa nyama tusinuse chochote, watu wakawa wanaongea chini chini barabarani.

Siku moja nilimkuta wifi yangu amesimama ndani ya banda lake, katikati ya mapaja yaliyoning'inia, mlango umefunguka wazi.

“Unafanya nini humo peke yako?”

“Hebu ingia, Billa. Nusa. Kuna nini?”

Nikanusa. “Hakuna kitu.”

“Ndicho hicho,” akasema. “Hakuna kitu.”



Jumapili tarehe 20 Desemba, baada ya ibada, tulikusanyika mbele ya banda lake kama kawaida. Elspa alichoma paja la kwanza, akanusa kijiti, akakichoma tena mahali pengine, akanusa kwa muda mrefu, macho ameyafumba. Kijana mmoja wa nyuma, simtaji, yupo hapa na anajijua, akapiga kelele, “Mama Elspa, tayari au bado? Vidole vinakatika huku!” Elspa akamjibu bila kufumbua macho, “Aliyechoka kusubiri akale kuku wa dukani.” Tukacheka, na kwa kweli tulicheka kupita kiasi, maana kila mmoja wetu alikuwa na hofu na hakutaka kuwa wa kwanza kuitaja.

Wahenga walisema la kuvunda halina ubani, na elimu yote ya Elspa ilisimama juu ya neno hilo, kwamba uozo haufichiki, kwamba nyama iliyoharibika hupiga kelele yenyewe. Hii haikupiga kelele. Hakukuwa na harufu nzuri, lakini hakukuwa na mbaya, na yeye, kwa kipimo alichoachiwa na mama yake, na mama yake na bibi yake, akahesabu kwamba nyama imechelewa kidogo lakini ni safi. Madaktari walitueleza baadaye kwamba ile baridi kavu ilikuwa imeifanyia nyama ganda gumu kwa nje, ndani ikabaki na maji, na siku za joto zilipokuja sumu ikakaa nyuma ya ganda lile, imefungiwa, haina hata tundu la kutolea harufu. Pua isingeweza kuijua, hata pua ya Elspa. Alikata kipande, akakitafuna, akameza. Kisha akasema, “Tayari,” kwa sauti ndogo kuliko miaka mingine, na neno likaenda nyumba kwa nyumba.

Siku ya Jumanne alisema amechoka. Siku ya Jumatano Bárður alifika kutoka melini, Rannvá akafika na watoto, na bibi yao akawapokea akiwa ameketi, jambo ambalo halijapata kutokea, akasema ni uzee. Siku ya Alhamisi, mkesha wa Krismasi, kope zake zilikuwa zimelegea na alikuwa akiona kila kitu viwili viwili, watoto wawili wamekuwa wanne, na alipotazama dirishani aliona mabanda mawili yamesimama kando kando, moja analolijua na moja asilolijua. Haya alimweleza Rannvá baadaye, akiwa na sauti bado. Alimweleza pia kwamba wakati ule alikuwa ameshajua kwamba ni ile nyama, maana ni yeye peke yake aliyekwisha kuila. Alijua tangu asubuhi, na alilala ameugeukia ukuta akishindana na nafsi yake, kwa sababu angeweza kunyamaza na kila mtu angesema ni kiharusi, na banda la mama yake lingebaki na jina lake jema, banda ambalo tangu lijengwe halijamdhuru mtu.

Mezani Rannvá alikuwa amekwisha kukata nyama. Kijiji kizima wakati ule kilikuwa mezani, sahani zimewekwa, na mimi kwangu nilikuwa ndiyo kwanza nakata kipande. Elspa alitokea mlangoni akiwa ameshika ukuta, ulimi umekuwa mzito, akasema, “Bárður. Maji yako yameingia bandani.”

Rannvá alidhani mama amechanganyikiwa, akainuka kumrudisha kitandani. Lakini Bárður alielewa pale pale. Alinyoosha mkono, akachukua kipande kutoka mkononi mwa mpwa wake, kikiwa kimebaki kidogo kifike kinywani, akakitupa motoni. Elspa akasema tena, kwa shida, neno moja moja, “Waambie. Nyama ya Elspa ni mbaya. Sema hivyo hivyo. Taja jina langu.” Alijua watu wetu, alijua kwamba wangeambiwa tu kuna wasiwasi wa nyama wangesema si ya Elspa na wangeendelea kula.

Bárður na Rannvá walipiga simu nyumba zote, na kwa wasiopokea Bárður alikimbia kwa miguu juu ya barafu. Kwangu alinikuta na kipande cha kwanza mdomoni, akasema, “Shangazi, tema. Usiulize. Tema.” Nikatema kwenye kiganja changu. Kijijini kote watu waliweka uma chini, watoto wakalia kwa kunyang'anywa chakula usiku wa Krismasi, na baadhi ya wanaume, nasema ukweli mbele ya Mungu, walimwita majina. Vipimo vilipotoka baada ya wiki moja, sumu ile ile ilikutwa katika mabanda mengine manne.

Marehemu alipelekwa usiku ule katika hospitali ya kisiwani, na ukungu wa barafu ulipoinuka, tarehe 26 Desemba, akasafirishwa kwa helikopta hadi Tórshavn. Sumu ilimlegeza misuli mmoja baada ya mwingine, macho, sauti, mikono, kisha pumzi, akawekwa kwenye mashine, lakini akili yake ilibaki nzima hadi mwisho, na mtu akimuuliza jambo alijibu kwa kubana kidole, mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Nilimuuliza kama anataka banda livunjwe, akabana mara mbili. Nilimuuliza kama anataka Rannvá awe mwonjaji baada yake, akabana mara mbili, kwa nguvu iliyonishangaza, na hakuachia. Alifariki Jumapili tarehe 10 Januari 2038, asubuhi, Bárður akiwa ameushika mkono ule ule.

Jumatano iliyopita tulitoa nyama yote ya Lonavík mabandani na kuichoma ufukweni. Ilikuwa ngumu nje, haina harufu, hata tulipoibeba mabegani. Moto ulipopasua maganda ndipo harufu ikatoka, yote kwa pamoja, harufu ya kila Krismasi tuliyoijua tangu utotoni na nyingine chini yake ambayo hatukuijua, mbwa wakalia, na wazee wenzangu wakafunika nyuso zao, na nadhani hakuna aliyekuwa na hakika analia kwa ipi kati ya hizo mbili. Ghuba ilikuwa ikifuka mvuke nyuma yetu, imetulia kabisa. Bárður alisimama akiitazama, nikamuuliza yatarudi lini, yale maji, akasema, “Sijui, shangazi. Anayejua hayupo.”

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali zote mbili, rubani aliyeruka na kushuka mahali ambapo hata ndege wa bahari hawakuthubutu, wafanyakazi wenzake wa kiwandani waliobeba jeneza, mabaharia wenzake Bárður waliosimamisha safari yao, na mchungaji aliyekesha nasi. Lakini ninyi majirani nimewaweka mwisho makusudi. Mtu anaposomewa historia yake hutajwa mali aliyoacha, na Elspa hakuacha shamba wala fedha, na jina jema la banda lake alilitoa mwenyewe, kwa mdomo wake, wakati ulimi ukimkatalia. Nimesimama hapa nikawahesabu kwa macho, benchi kwa benchi, wazee, wajawazito, wale watoto waliolilia chakula chao, hata yule wa vidole kukatika. Mpo. Hakuna nafasi tupu kanisani humu.

Wifi yangu, watu wako wote wamekuja kukuzika, hatujapungua hata mmoja ila wewe, na sentensi yangu nimeimaliza, nasubiri unikatize. Lala salama, Elspa, pumzika kwa amani.